Maswali ya wasomaji: Kioo cha jirani kinapotazama mlango wako

SWALI: Tumepanga nyumba ya chini Guangzhou. Jirani wa ng'ambo ametundika juu ya mlango wake kioo cha duara chenye fremu ya pembe nane, nyekundu na kijani, kinatutazama moja kwa moja. Mama mwenye nyumba anasema kinaturudishia mikosi, tununue kikubwa zaidi. Tufanye hivyo?

JIBU: Msinunue. Hicho ni kioo cha bagua, yaani kioo kilichozungukwa na alama nane, kila moja ya mistari mitatu, na katika feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi, huhesabiwa miongoni mwa dawa kali za nje ya nyumba. Kazi yake ni kuirudisha sha, yaani chi (nguvu ya uhai) mbaya inayokuja kwa kasi au kwa ncha, kule ilikotoka. Mkijibu kioo kwa kioo, sha itapigwa danadana kati ya milango miwili, na juu yake mtakuwa mmejitafutia ugomvi na jirani.

Kwanza tambueni kinalenga nini. Simameni barabarani chini ya kioo, mupe mgongo mlango wake, mtazame upande wenu. Mara nyingi hakilengi watu. Kinalenga nguzo ya umeme, ncha ya paa au kona ya ukuta.

Kisha kitazameni chenyewe. Kioo mbinuko, kilichovimba katikati, hutawanya, kwa hiyo kinachowafikia ni kidogo. Kioo bapa hurudisha kama kilivyopokea. Kioo mbonyeo kimebonyea katikati na vitu vya mbali huonekana ndani yake vikiwa vichwa chini. Hicho hutumika kufyonza, si kupiga.

Mkishajua hayo, mwendeeni jirani kwa heshima, mwombeni akiinamishe kidogo kitazame mbingu. Ombi hilo linaeleweka na halimpunguzii kinga. Kwenu, kaeni kwenye kiti mnachokalia sebuleni, mlango ukiwa wazi, mkaone mstari wa macho unapita wapi. Wekeni hapo nje vyungu viwili vya mimea yenye majani mapana, mirefu kiasi cha kukifunika kioo. Kisichoonekana kutoka ndani huhesabiwa kuwa kimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mimea inayokauka iondoeni mara moja, maana mmea uliokufa mlangoni nao ni sha.

Kwa anayelazimika kweli kutundika bagua: ni nje tu, juu ya kizingiti, na kisielekee mlango wala dirisha la mtu. Ndani ya nyumba hakitundikwi kamwe. Juu kabisa pawe na alama ya mistari mitatu mizima, na chini kabisa, upande wa pili, mistari mitatu iliyokatika. Mkikuta juu pana mstari mzima, uliokatika, kisha mzima, huo ni mpangilio wa pili wa bagua, unaotumika kupangia vyumba na dira; kwa kinga haufai. Vioo vya bei ya chini vya aina hiyo vipo sokoni, kwa hiyo hesabuni mistari kabla ya kulipa.

SWALI: Barabara inakuja moja kwa moja kwenye geti letu, halafu inagawanyika kushoto na kulia. Kioo kitatosha?

JIBU: Kwa barabara, kusini mwa China hawaanzi na kioo. Fujian, Guangdong, Taiwan, hadi Okinawa huko Japani, huweka jiwe liitwalo shigandang: bamba lenye jina hilo limechongwa, mara nyingi likitanguliwa na jina la mlima Taishan wa Shandong. Kosa la kawaida ni kuliweka pembeni au juu sana. Vuteni kamba kutoka katikati ya barabara hadi ukutani. Inapogusa ndipo mahali pake, chini kwenye msingi, maandishi yakitazama barabara.

Lenye nguvu zaidi ni kulihamisha geti litoke kwenye mstari huo na kupanda ua mnene nyuma ya ukuta. Hapo feng shui na akili ya kawaida vinakubaliana kabisa: taa za magari usiku, vumbi na gari lililokatika breki vyote hufuata mstari uleule. Ndiyo maana pia nyumba iliyo nje ya kona ya barabara huhesabiwa mbaya, na iliyo ndani ya kona, iliyokumbatiwa, huhesabiwa njema.

SWALI: Niko Hong Kong, ghorofa ya juu. Kona ya jengo la jirani imeelekea kitandani kwangu.

JIBU: Huko si wewe peke yako. Benki ya China ilipopata jengo lake lenye pembe kali, lililosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa 1990, ncha zake zilizungumzwa mji mzima, na hadi leo watu huonyeshana winchi za matengenezo juu ya paa la benki ya HSBC wakiziita mizinga iliyolielekea.

Wewe hamisha kitanda kwanza, hata hatua moja, mpaka ukilala kona isikutazame. Nafasi ikikosekana, tundika pazia zito na ulifunge usiku. Kaktasi, ukiitumia kama kinga, huwekwa nje ya dirisha tu. Ndani ya chumba cha kulala miiba yake inakuchoma wewe. Na kama kinachoelekea kwako ni upande bapa wa jengo, si ukingo wake, hakuna cha kutibu.