Duka la serikali la vito Bangkok HALIPO, mimi nililipa baht 46,000 za Thailand kulijua hilo

Mkuu usinunue hayo mawe.

Salamu utaniwia radhi, nimesoma uzi wako nikiwa nakula nikasukuma sahani pembeni. Umeuliza ulale mtaa gani, ubadilishie hela wapi, vibaka wakoje na taksi zao zikoje, sawa, wadau wapo watakujibu, ila kale kasentensi ka mwisho ulikokapitisha kama utani, kwamba kuna jamaa kakutonya Bangkok kuna duka la serikali linauza safaya, yale mawe ya bluu ya vito, bei ya kutupa wiki moja tu kwa mwaka, ukinunua chache ukirudi ukaziuza nauli yako inarudi, hako ndiko kalikonipandisha presha. Hako kasentensi nakajua neno kwa neno. Na mimi niliambiwa nauli itarudi. Mpaka leo haijarudi, nadhani imepata uraia.

Nirudie kwa herufi za kawaida ili usiseme napiga kelele: serikali ya Thailand haina duka la vito, hakuna duka binafsi lililopewa kibali cha kuuza kwa niaba yake, hakuna wiki ya msamaha wa kodi, na hakuna ofa inayoisha leo jioni. Mamlaka yao ya utalii imeshalisema hili miaka na miaka na watu bado tunaingizwa mjini kila siku, tena wenye digrii zetu.

Sasa sikia ilivyokuwa. Septemba 2019, siku yangu ya pili Bangkok, natoka hotelini asubuhi naenda Grand Palace, lile jumba la wafalme lililoanza kujengwa 1782. Nimevaa suruali ndefu kabisa maana nilishaonywa ukienda magoti wazi wanakurudisha. Nafika kwenye ukuta wa nje, geti lenyewe bado silioni, ananijia mzee mmoja shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, anaongea taratibu kama mwalimu mstaafu. Hakuniambia nunua chochote, hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi. Aliniuliza natokea wapi, akafurahi, akaniambia bahati mbaya leo asubuhi pamefungwa kuna ibada ya watawa, watalii wataingia saa nane mchana, ila usihuzunike mwanangu, leo ni siku maalumu, kuna sanamu kubwa la Buddha hufunguliwa bure. Akachukua ramani YANGU mkononi mwangu akachora viduara vitatu. Kiduara cha kwanza sanamu, cha pili "export center ya serikali, leo siku ya mwisho", cha tatu hekalu jingine dogo. Yaani lile duka kalipitisha katikati kama vile mtu anavyoweka dawa chungu katikati ya ndizi.

Ukweli ni kwamba jumba linafunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi, tiketi wanakata mpaka saa tisa na nusu alasiri. Siku za ibada zao za kawaida linafunguliwa vilevile, kufungwa ni mara chache sana kukiwa na shughuli ya kifalme. Na hata likifungwa kweli, utaambiwa na askari wa getini, siyo na mzee aliyesimama hatua mia mbili kutoka getini. Kwa nini asisimame getini? Kwa sababu pale getini ungeona watu wanaingia! Hili swali dogo tu, sikujiuliza.

Basi yeye mwenyewe akaniitia tuktuk. Ni bajaji tu, ila imepambwa taa kama ukumbi wa disko. Akamwambia dereva kitu kwa Kithai, akanigeukia, baht 20 mzunguko mzima, dereva atakusubiri kila kituo. Mkuu, baht 20 ni hela ya chupa mbili za maji. Nani anakuzungusha jiji lile lenye foleni masaa matatu kwa hela ya chupa mbili za maji? Anayelipwa na mwingine, ndiye. Duka linampa dereva kuponi za mafuta na kamisheni kwa kila kichwa anachokileta. Mimi nikajiona mjanja nimepata bei ya wenyeji, nikapiga na selfi, ninayo bado, nacheka meno yote thelathini na mbili.

Kituo cha kwanza, hekalu la Wat Intharawihan. Sanamu lipo kweli, la Buddha amesimama, urefu mita 32, zuri sana, ukienda mwenyewe utalifurahia, lenyewe halina kosa. Dereva akasema anaenda chooni. Pale kwenye kivuli amekaa jamaa mmoja peke yake, suti nyepesi, akasema ni mtalii kama mimi, ametokea Singapore, ni mwanasheria, kesho anarudi kwao. Tukapiga stori za hali ya hewa. Dakika kumi nzima hajataja mawe! Mpaka mimi NDIYE niliyemuuliza, kwa ujinga wangu, kama anajua lile duka la serikali. Akashusha sauti, akatoa risiti mfukoni, akaniambia kila mwaka ananunua seti moja, akifika kwao anamuuzia sonara kwa bei mara mbili, analipia ada ya mtoto, ila usimwambie kila mtu. Mzee wa ukutani na huyu hawajuani, ndivyo nilivyowaza. Watu wawili wasiojuana wanasema kitu kimoja, kwa hiyo ni kweli. Kumbe wanajuana kuliko mimi na ndugu zangu.

Dukani sasa. Siyo kibanda, mkuu, usije ukadhani utalitambua kwa sura. Kiyoyozi, sofa, maua, dada wa mapokezi na chai ya bure, vyeti ukutani vyenye mihuri. Wakanifanyia "vipimo": wakachukua jiwe wakalikwaruza kwenye kioo, kioo kikakwaruzika, jiwe halina hata alama. Nikaona basi, sayansi imeongea. Nimekuja kujua baadaye kwamba safaya ya kiwandani ni dutu ileile ya jiwe la ardhini, oksidi ya alumini, ugumu uleule wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, na Mfaransa Verneuil alishatangaza namna ya kutengeneza mawe ya dutu hiyo kwa moto tangu 1902, akianza na rubi, safaya zikafuata baadaye. Kwa hiyo kile kipimo cha kioo, jiwe feki linakifaulu kama original. Ni sawa na kumpima mtu kama ni daktari kwa kuangalia kama ana miguu.

Nikachagua saba za bluu. Baht 46,000. Kadi ya kwanza ikakubali nusu, ya pili ikamalizia (nusu ya pili ilikuwa akiba ya pango la nyumba, hili mke wangu asilione). Halafu wakanishauri zitumwe kwa posta ili forodha isinisumbue uwanja wa ndege, na wakaniomba niandike kwa mwandiko wangu kwamba nimeridhika na mzigo. Nikaandika. Nikaongeza na asante.

Sikia sasa sehemu inayonifanya nijizabe kofi mpaka leo. Dereva akanishusha jumba la wafalme saa kumi kasoro dakika ishirini, tiketi wamefunga. Nikiwa nimesimama pale nje kipaza sauti kinatangaza kwa Kiingereza safi, jumba lipo wazi kila siku, msiwaamini watu wasiowajua wanaowaambia limefungwa. Unajua nilifikiria nini? Nikawaza, maskini, kuna watalii wengine wanatapeliwa hapa. WENGINE! Mimi na kadi zangu mbili tupu.

Mzigo ulifika baada ya wiki tatu. Sonara akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya muda mrefu kama mtu anayetafuta maneno ya msibani. Mbili ni za ardhini kweli ila nyeusi na zina nyufa, tano za kiwandani, akanionyesha ndani mistari imejikunja kama mawimbi, safaya ya ardhini mistari yake imenyooka. Jumla yote haifiki gharama ya posta. Nikawaomba benki wanirudishie hela, nao wakanijibu kwa ustaarabu kabisa: namba ya siri umeweka mwenyewe, mzigo umefika, na barua ya kuridhika ina sahihi yako. Cheti ninacho bado, kina muhuri mzuri kuliko cha ndoa yangu.

Na uongo huu unauzika kwa sababu umepandwa juu ya ukweli. Thailand ni kituo kikubwa cha biashara ya vito duniani kweli, mji wa Chanthaburi kazi yao ndiyo hiyo, mawe yanatoka nchi nyingi yanaenda kuchomwa na kukatwa kule. Lakini hebu fikiria kibiashara: kama kungekuwa na duka unanunua kwa 10 unauza kwa 20, wafanyabiashara wa vito wanaopanda ndege kila wiki wangekuachia wewe uliyevaa kandambili? Wangeshalifagia mpaka sofa. Kama roho yako imeng'ang'ania jiwe, kuna taasisi ya vito ya Thailand inaitwa GIT, inapima mawe palepale Bangkok. Mwambie muuzaji twende tukapime kwanza ndipo nilipe. Angalia uso wake.

Hasira yangu kubwa kuliko zote, na Mungu anisamehe, siyo kwa yule mzee. Yule yuko kazini. Ni kwa mjuaji mmoja kwenye grupu la wasafiri, nilimuuliza kabla sijaondoka, akanijibu kwa uhakika wote "Wathai ni wakarimu, mtu akikukaribisha usimkatalie, ni dharau kwao." Ndugu yangu wewe, uliwahi hata kufika? Wathai ni wakarimu kweli, nilikaa siku sita na wengi walinisaidia vizuri tu, lakini wote walionisaidia ni watu niliowafuata MIMI. Muuza matunda niliyemuuliza njia. Konda wa boti ya mtoni. Dada wa hotelini. Aliyenifuata yeye ni mzee wa ukutani, dereva wake aliyemwita yeye, na duka alilolichora yeye. Mwanasheria wa uongo hata hakunifuata, nilipelekwa mpaka alipokaa.

Kwa hiyo sheria yangu ndiyo hii, kaiandike hata nyuma ya pasipoti: aliyekuanza yeye, usiende anakokuelekeza na usinunue alichokitaja. Hata kama hajaomba hela. Hasa kama hajaomba hela! Unahitaji msaada? Chagua mwenyewe wa kumuuliza, matapeli hawawezi kujua utamchagua nani. Mtu akikuambia pamefungwa, mshukuru, tabasamu, endelea kutembea mpaka uguse geti kwa mkono wako.

Na siyo Bangkok tu. Wale wanafunzi wachangamfu wa Beijing na Shanghai wanaotaka "kufanya mazoezi ya Kiingereza" halafu mnaishia kwenye chumba cha chai bili inakuja ya kutisha, walikuanza wao. Paris, anayekufunga kamba ya rangi mkononi pale chini ya ngazi za kanisa la Sacré-Coeur, au anayeokota pete ya "dhahabu" miguuni pako, kakuanza yeye. Istanbul mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yako ili wewe mwema umwokotee, halafu akung'arishie viatu kwa "shukrani" na kukudai, huyu ni fundi zaidi, kakufanya udhani umemuanza wewe. Vibaka wa mfukoni uliowaulizia, sheria yangu haiwapati, hao hawakusemeshi kabisa, hao sina la kukwambia, simu yangu haijawahi kuibiwa. Mimi hela yangu nilikabidhi kwa mikono miwili.

Eti ubadilishie hela wapi. Ukinunua mawe hutakuwa na ya kubadilisha.

Ikitokea umeshaingia mkenge na bado upo Thailand, usikubali posta, shika mzigo na risiti, piga 1155, polisi wa watalii, wanapokea kwa Kiingereza. Ukiwa bado ndani ya nchi unaweza kupata hata sehemu ya hela yako. Ukishapanda ndege imekula kwako, kama mimi.

Halafu huyo jamaa aliyekutonya, hujasema mmejuanaje. Ulimtafuta wewe au alikuandikia yeye kwanza? Kama alianza yeye futa namba yake sasa hivi, ukishafuta njoo hapa uandike nimefuta, ndiyo nirudi kumalizia chakula.