Je, Baines alizichora boti za Zambezi papo hapo?

Ndugu, umeuliza iwapo picha za Thomas Baines za boti na mandhari ya Mto Zambezi zilichorwa papo hapo au zilibuniwa baadaye. Kwa maoni yangu, mambo yote mawili yamo. Baines, Mwingereza aliyejiunga na msafara wa mpelelezi David Livingstone wa kuchunguza Mto Zambezi mwaka 1858 akiwa mchoraji na mtunza stoo, alikuwa na mazoea ya kuchora kwa haraka kwa penseli na kuandika tarehe na mahali, na michoro hiyo ndiyo iliyomsaidia kutengeneza picha za rangi ya mafuta. Itazame ile ya mwaka 1859 inayoonyesha boti ya mvuke Ma Robert na tembo aliyesimama kwenye maji ya kina kifupi ya Mto Shire, unaoingia Zambezi: boti naiamini, kwa kuwa aliishi ndani yake, lakini mkao wa tembo una maigizo kidogo. (Aliyewahi kuchora ngalawa akiwa juu ya pantoni la Kigamboni ataelewa kwamba kitu kinachosogea hakikusubiri.) Mwaka huohuo wa 1859 Livingstone alimfukuza Baines kwa tuhuma za wizi, ambazo Baines alizikana; baadaye, mwaka 1862, Baines alifika Maporomoko ya Victoria, yaliyoko kwenye Zambezi, pamoja na mfanyabiashara na mpelelezi James Chapman.