Mmeuliza Shangazi: Kitabu gani cha kudarizi ninunue?

*Shangazi shikamoo. Mimi najua mshono wa mnyororo na wa shina tu, ile tuliyofundishwa shule kwenye maarifa ya nyumbani, na sasa nataka kujifunza kudarizi kweli kweli. Nimeona kitabu kimoja dukani bei yake nikakirudisha taratibu kama sijakishika. Ninunue kipi? — Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hela irudi mfukoni kwanza. Kuna kitabu kikongwe cha mama mmoja mzaliwa wa Austria, Thérèse de Dillmont, kilitoka 1886, kwa Kiingereza kinaitwa Encyclopedia of Needlework, na kwa vile haki zake zilishaisha kitambo kipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, unakishusha kwenye simu yako hapo hapo umekaa. Ndani mna kila kitu: kushona kwa kawaida, kutia viraka, darizi nyeupe, darizi ya nyuzi za dhahabu (kasabu zile za majoho), kufuma, kroshia, mpaka makrame, yaani kusuka kwa kufunga mafundo. Michoro yake ni ya mistari mieusi tu, haina urembo, ila inakuonyesha sindano inaingia wapi na inatokea wapi, na hapo mimi naona kinavipiga bao vitabu vingi vya siku hizi, maana unafungua unakuta picha ya rangi ya ua limeshakwisha zuri linang'aa, sasa uzi ulipitaje hapo, shauri yako.

Ila ujue huyo mama alikuwa anashirikiana na DMC, kiwanda cha nyuzi cha kule Mulhouse, Ufaransa ya leo, kwa hiyo kila ukigeuka unaambiwa tumia uzi wa DMC, uzi wa DMC. Usijali. Chukua uzi wowote wenye unene unaokaribiana, ulowanishe uubane kwenye kitambaa cheupe, ukiacha rangi huo achana nao.

Halafu usikisome mwanzo mpaka mwisho kama riwaya, utalala. Soma kurasa za mwanzo za namna ya kukaa, anakataza kupachika kazi kwenye goti kwa sababu utainama mgongo ukuume, na anasema uzi uwe sentimita 40 mpaka 50, usizidi, isipokuwa ukipiga bandi tu. Mimi miaka nilikuwa nakata uzi mita nzima eti naokoa muda wa kutunga sindano, kumbe unajifunga mafundo na unachakaa kabla sijafika nusu ya ua. Baada ya hapo nenda kwenye mshono unaoutaka, printi ukurasa huo mmoja, uuweke pembeni ya kazi na usiuonee huruma. Vitabu vya mwanzo vya michoro ya kudarizi vilivyochapwa huko Ujerumani miaka ya 1520 vimebaki vichache sana na sababu moja ni hiyo hiyo, watu walikuwa wanatoboa karatasi kwa sindano kufuata mchoro, wanailaza juu ya kitambaa, wanapaka unga wa mkaa unapenya kwenye vitobo, mchoro unabaki kwenye kitambaa na kitabu ndo kimekwisha.

*Shangazi, mdogo wangu wa kiume anashona kofia za vitundu na anazipatia kuliko mimi, lakini wifi, yaani mkewe, anamcheka anasema kashika kazi ya wanawake. Hakuna kitabu cha kumnyamazisha? — Dada Mtu, Mombasa*

Kipo. The Subversive Stitch cha Rozsika Parker, 1984. Hoja yake ni kwamba habari ya kudarizi kuwa kazi ya kike haikushuka na mvua, ilijengwa taratibu karne kwa karne, maana Uingereza ya zama za kati wanaume na wanawake walikuwa wanadarizi pamoja kwenye karakana kwa malipo, na mavazi ya kanisa waliyoyatoa, yale yanaitwa opus anglicanum, mpaka mapapa kule Roma walikuwa wanayataka. Kitabu kizito kidogo lakini kina maneno makali, utakipenda. Kasoro yake kwa sisi ni kwamba kimekaa zaidi Uingereza, kofia yetu humo huikuti, wala kumma, kofia ya wanaume wa Oman, ambayo ni ndugu yake wa vitundu hivyo hivyo. Na kama wifi hapendi kusoma basi mdogo wako amtajie bei ya kofia moja iliyoshonwa kwa mkono, afu amuulize kama bado anacheka.

*Nimefuata kitabu cha kroshia neno kwa neno, kitambaa cha kochi kimetoka kifupi kama leso. Nimekosea wapi? — Mchoka, Dodoma*

Hujakosea wewe. Waingereza wakiandika "double crochet" wanamaanisha ule mshono mfupi, usiozungusha uzi kwanza. Wamarekani huo huo wanauita "single crochet", na wao "double crochet" yao ni ule mrefu, unazungusha uzi mara moja kwenye sindano ndo unaingiza, ambao Mwingereza anauita "treble". Bila shaka kitabu chako ni cha Marekani na wewe ulifundishwa Kiingereza cha Uingereza. Angalia kurasa za mbele, ukiona neno "single crochet" limetajwa, ndo hivyo, maana Mwingereza halitumii. Fumua, anza upya, na kila penye "double crochet" piga ule mrefu, uzi huo huo utatosha kuanzia ila nunua na roli nyingine kabisa kabla rangi haijaisha dukani.