Charger ya Dodge na Charger ya relini: hii, hiki au huyu?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Niko Chicago, napenda vitu viwili, yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 yenye injini kubwa na vichwa vya treni vya kisasa vya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Sasa Dodge wana gari linaitwa Charger na Siemens, kampuni ya Kijerumani, nao wana kichwa kinaitwa Charger. Niandike Charger hii, hili, hiki au huyu, maana jina lenyewe ni farasi wa vita? Na muscle car niite gari la misuli?"

Marahaba. Tuanze na huyo farasi maana ndo anawachanganya wengi. Gari hata ulipe jina la mnyama linabaki gari, Mustang imezima, Bronco imeuzwa, sijamsikia fundi akisema Mustang huyu anavuja oili. Ngeli ya a-wa inaingia pale tu gari lenyewe unapoliita mnyama kama vijana wanavyofanya, "mnyama huyo katua mjini", hapo ni sawa kabisa kwa sababu neno ulilolitamka ni mnyama. Ukiliita chuma basi chuma kimewaka.

Ukibaki na jina tupu, mdomo wa Mswahili unakimbilia hii na hizi: Charger hii, Charger hizi. Kitabuni ni gari hili, magari haya, na kwenye mtihani ufuate hivyo, ila "Charger hili" mtaani linasikika kama unalikuza au unalisuta, na kwa ile ya 1969 yenye boneti ndefu vile huenda ndicho unachotaka.

Hiki kitumie pale tu neno kichwa lipo kwenye sentensi au limetajwa muda si mrefu, na kwako wewe mwenye Charger mbili hilo ni bahati, ngeli itakufanyia kazi yote. Andika: "Charger ya 1969 yenye injini ya Hemi ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425, lakini kichwa cha Charger SC-44 kinachoundwa Sacramento kina 4,400." Baada ya hapo sema "ile" na "kile" mpaka mwisho wa makala, hakuna atakayepotea. Ila tafadhali usiiandike Chaja, watu wataanza kutafuta soketi ya umeme.

Hao farasi wa kupimia nguvu ndo kituko, wao wanabaki na a-wa ingawa hawaonekani: farasi wote hao 4,400 wanatoka kwenye injini moja ya Cummins ya silinda 16. Mafundi wengine watakwambia hospawa, ni sawa tu ukiwa gereji.

Misuli sasa. Kwa mtu wa pwani msuli ni ile nguo anayojifunga mwanaume kiunoni akiwa nyumbani, kwa hiyo gari la misuli Zanzibar litakuletea picha ya duka la nguo. Mimi ningeacha muscle car hivyohivyo, nieleze mara moja kwamba ni gari la kawaida la milango miwili lililotiwa injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane, mfano Pontiac GTO ya 1964, halafu niendelee. Na hapo kwenye V8 kuwa makini, Tanzania ukiandika "alikuja na V8" msomaji anaona Land Cruiser ya mheshimiwa yenye vioo vyeusi, wala hafikirii Detroit. Andika "gari lenye injini ya V8" na kesi imeisha.

Kuhusu kichwa, usihangaike na lokomotivu. Watu wa reli wanasema kichwa cha treni, vichwa vya dizeli, vichwa vya umeme, na kinachovutwa ni mabehewa. Treni ya SGR ya Tanzania isiyo na kichwa cha kuvuta, ile yenye pua iliyochongoka, watu waliibatiza mchongoko na jina limeshika. Garimoshi nalo usiliogope eti moshi haupo, lilishazoeleka zamani, ila kwa zile Siemens za umeme zinazokimbia kati ya Washington na Boston mimi binafsi ningesema treni tu.