Re: London na watoto wawili wadogo, nitaweza peke yangu?

Dada, umeuliza kama utaweza London siku tano na mtoto wa miaka miwili na wa minne, bila msaidizi. Utaweza. Mimi nilikwenda na wangu wakiwa na umri huohuo.

Kinachochosha kule ni ngazi. Vituo vingi vya treni za chini ya ardhi havina lifti, na ukiwa na kigari cha mtoto, mifuko na mwingine anayelia "nibebe", utajuta. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow panda treni ya Elizabeth line, vituo vyake vina lifti. Mjini tumia mabasi. Hayapokei pesa taslimu, unagusisha kadi tu, na watoto wa umri huo hawalipi. Ila akija mtu wa kiti cha magurudumu, nafasi mnayoweka kigari ni yake, kwa hiyo chukua kigari chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja. Na kanga usiiache nyumbani! Mwanangu mdogo alilala mgongoni saa nzima huku dada yake akikodolea macho mifupa ya nyangumi pale kwenye makumbusho ya Natural History Museum. Kuingia ni bure, ila wahi asubuhi.

Wakichoka na majengo, wapeleke Coram's Fields, uwanja wa michezo ya watoto karibu na Russell Square. Mtu mzima haruhusiwi kuingia bila mtoto, kwa hiyo nilikaa nimetulia.

Sehemu moja kwa siku inatosha. Mchana warudishe walale.