Jibu: Mama anataja mwili tu, hataji huzuni

Dada, umeeleza kwamba mama yako aliyeko Mafinga, mwenye kisukari kwa miaka 12, kila akiulizwa anajisikiaje hujibu kuwa kifua kinabana au mwili umechoka, nawe unauliza kama anakuficha huzuni yake. Sidhani kwamba anakuficha. Ugumu wa kutambua na kutaja hisia zako mwenyewe huitwa aleksithimia, jina lililotungwa na daktari wa akili Peter Sifneos katika miaka ya 1970. Si ugonjwa wa akili, bali ni hali ya nafsi ambayo kwa wengine ni kubwa na kwa wengine ndogo.

Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sukari inaposhuka huleta kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio, dalili zilezile za hofu, hivyo hata mtu anayejifahamu vizuri anaweza kuzichanganya. Mpime sukari kwanza. Ikiwa iko sawa, ndipo umwulize polepole ni nini kilichotangulia. Kubana kwa kifua, hata hivyo, kuchunguzwe hospitalini mapema, kusihesabiwe kuwa ni hisia tu.

Nilipomuuguza baba hapa Uyole nilijifunza kutomshurutisha, maana wazee wetu wa nyanda hizi wamelelewa kuvumilia kimya. Zungumza naye kwa Kihehe mkiwa jikoni mnapika, kwani huenda neno analolikosa katika Kiswahili analo katika lugha aliyolelewa nayo.