Maswali na majibu: hataza na nyaraka zilizoskaniwa

Swali: Nikiskani nyaraka na kutafuta maneno ndani yake, nimevunja hakimiliki ya aliyevumbua njia hiyo?
Hapana. Nachoka kulirudia hili: hakimiliki hulinda kazi iliyoandikwa au kuchorwa, uvumbuzi hulindwa na hataza (patent), yaani haki ya muda anayopewa mvumbuzi.

Swali: Kuna hataza ya Marekani inayotaja kuskani na kutafuta taarifa. Basi kazi yote ni ya mtu mmoja?
Umesoma kichwa na muhtasari, ukaishia hapo. Mipaka ya hataza imo kwenye madai, yaani zile sentensi zenye namba mwishoni mwa hati zinazosema ni nini hasa kinacholindwa. Chukua dai la kwanza, ligawe vipande, linganisha kila kipande na mfumo wako. Kipande kimoja kikikosekana, wala hakuna kinachofanya kazi yake, dai hilo halikugusi. Kwa mfano, programu nyingi husoma herufi, kisha huficha maandishi nyuma ya picha ndani ya PDF pamoja na mahali pa kila neno. Nyingine hulinganisha umbo la neno zima bila kusoma herufi. Watafiti waliichapisha njia hiyo miaka ya 1990 kwa ajili ya miswada ya mkono. Dai linalotaka herufi zitambuliwe moja moja haliishiki hii ya pili. Tena mwaka 2014, katika kesi ya Content Extraction dhidi ya Wells Fargo, mahakama ya rufani ya Marekani ilisema kukusanya data kwa skana, kuitambua na kuihifadhi ni wazo tupu lisilostahili hataza.

Swali: Shemeji yangu ana ofisi ndogo Marekani. Ameandikiwa alipe dola 1,000 kwa kila mfanyakazi kwa sababu wanatuma skani kwa barua pepe. Alipe?
Asilipe kwa hofu, na barua asiitupe. Aulize namba ya hataza, dai gani, na mashine ipi. Kampuni ya MPHJ iliandikia biashara zaidi ya 16,000 kwa mtindo huohuo. Jimbo la Vermont likaishtaki mwaka 2013. Ila akikabidhiwa hati ya mashtaka, mambo yamebadilika: ana siku 21 za kujibu, na mwaka 1 tu wa kuiomba ofisi ya hataza iipitie upya kwa kutumia machapisho ya zamani. Amwone wakili wiki hiyohiyo.

Swali: Hataza ya Marekani inanibana nikiwa Mombasa?
Haivuki mpaka. Angalia KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu. Ukimuuzia programu mteja aliye Marekani, hapo inakuhusu.

Swali: Hataza ikiisha muda, kesi haiwezekani?
Inawezekana. Marekani mwenye hataza anaweza kudai fidia ya miaka 6 nyuma, kwa matumizi ya wakati ilipokuwa hai. Tunza kumbukumbu za lini ulianza kutumia programu ipi.